Chuma cha Resori na Maji ya Baba

Mashini yangu ya kusaga mahindi iko upande wa barabara inayokwenda Kingamyambo, hapa Kolwezi, nyuma ya nyumba, chini ya paa la mabati ambalo mume wangu alilipigilia misumari mwenyewe kabla hajafariki. Naijua kwa sauti. Nikiwa ndani nakatakata mboga ya lengalenga nasikia kama punje ni kavu au mbichi, nasikia kama chujio limeziba, nasikia kama mtu amemimina debe zima kwa mara moja. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, hafanyi hivyo. Yeye ndiye anayesimama pale mashinini, na mkono wake una kipimo ambacho mimi sina tena.

Siku ile nilisikia mlio ambao sikuujua. Kwanza kama kengele iliyopasuka, kisha mtikisiko wa ardhi, kisha watu wakapiga kelele. Nilipofika moteri ilikuwa bado inazunguka, na mkwe wangu amesimama ubavuni pake, mikono juu kama mtu aliyekamatwa na askari. Kwenye bati la mashini, usawa wa kiuno chake, palikuwa na tundu. Kipande cha chuma kilitoka hapo, kikapita kati ya mkono wake na mbavu zake, kikazama ndani ya gunia la mama mmoja wa jirani aliyekuwa anangoja zamu.

Nilizima moteri. Yule mama mwenye gunia ndiye wa kwanza kufungua mdomo, akiwaza ugali wake.

"Eh, mama! Sasa bukari yangu itakuwa na chuma ndani. Damu itaongezeka."

Watu wakacheka, kicheko cha woga. Mkwe wangu hakucheka. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, kilichojaa unga, akakikung'uta, akakiweka juu ya mizani.

"Mama," akaniambia, "mi sitasimama tena pale. Unifukuze, ni sawa. Sitasimama."

Sikumfukuza. Niliingiza mkono ndani ya gunia la watu nikatafuta kile kipande.

Kwa asiyejua, nieleze. Ndani ya mashini ya kusaga mna vibao vya chuma, virefu kama kiganja, vimetobolewa upande mmoja na kuning'inizwa kwenye fito zinazozunguka. Tunaviita nyundo. Moteri ikishika kasi, nyundo zinanyooka zenyewe, zinapiga punje mpaka ipite kwenye chujio. Nyundo inatakiwa iwe ngumu nchani ili isilike haraka, na pale kwenye tundu iwe mvumilivu ili isipasuke. Wakati ule sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba nyundo za chuma cha kawaida, zilizokatwa kwenye bati nene, zilikuwa zinalika kama sabuni. Unga unatoka na chenga, wanawake wananung'unika, wengine wanajitwika mabeseni yao na kuvuka barabara kuu yenye malori ya mgodi kutafuta mashini nyingine.

Basi mdogo wangu wa kiume, ambaye ni mhunzi, alikuwa amenishauri vizuri tu. Yeye anawafulia tindo wachimbaji, wale vijana wanaotoka kila pembe ya Kongo kuja kutafuta shaba na kobalti kwa mikono. "Yaya," aliniambia, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "achana na chuma laini. Mi nitakufanyia nyundo za resori ya lori. Zitakuzika." Resori ni zile bapa za chuma zilizopangwa chini ya lori, zinazobeba mzigo wote na kurukaruka bila kukatika. Tukapata bapa moja kwa jirani yetu Hadji, mfanyabiashara mwenye asili ya mashariki ya Kongo, ambaye malori yake yanakwenda mpaka Sandoa na kurudi na mihogo, na kila safari barabara ile inamvunjia kitu.

Mdogo wangu akazikata nyundo, akazitoboa zikiwa za moto, akazifanya nyekundu, akazitumbukiza majini zote nzima mpaka zikapoa. Alifanya kama baba yetu alivyofanya.

Hapo inabidi niseme habari za maji yenyewe. Baba yetu alikuwa anafua majembe huko upande wa Sandoa. Karibu na moto wake palikuwa na gogo lililochongwa kama hori la mbuzi, limejaa maji. Maji yale hayakumwagwa kamwe. Yakipungua yanaongezwa. Baba alisema yamezoea moto, hayaogopi chuma. Alipofariki, mdogo wangu alijaza kidumu, akakipakia juu ya lori, akafika nacho Kolwezi akiwa amekipakata kama mtoto mgonjwa. Alikimimina ndani ya pipa la karakana yake, akajazia maji ya bomba. Mpaka leo ni maji ya baba. Mtu akinawa mikono humo, atafukuzwa kwa koleo.

Nyundo zilizovunjika zilitoka katika maji hayo. Mdogo wangu alipoona tundu lile kwenye bati aliligusa kwa kidole, akaondoka bila kuaga. Kesho yake mtu mmoja wa vyuma chakavu alikuja kuniuliza kama nauza mashini. Nilimwambia arudi siku nyingine. Na mbele ya mkwe wangu na mdogo wangu nikasema neno ambalo sikulirudisha: tutaweka nyundo mpya mara moja tu. Zikivunjika hizo, mashini inapanda juu ya gari la yule mtu, na habari ya unga itaisha katika nyumba hii.

Mashini ikafunikwa turubai. Mkwe wangu akaanza kuuza nyanya mbele ya nyumba. Nyanya zake zilikuwa nzuri, lakini alikuwa anazipanga na kuzipangua mchana kutwa, kama mtu asiyejua mikono yake aiweke wapi.

Hivyo ndivyo binti yake alivyotukuta. Huyo ni mjukuu wangu, anasoma mambo ya metali chuo kikuu, kule Lubumbashi. Alikuja likizo. Alipoona mama yake kando ya barabara na turubai nyuma ya nyumba, hakuketi.

"Nkambo, ile kipande iko wapi?" akaniuliza; nkambo kwetu ni bibi au babu.

"Iko juu ya kabati. Unataka kuililia?"

"Nataka kuiangalia."

Aliitoa kwenye jua, akaniita.

"Angalia hapa penye ilivunjika. Inafanana nini?"

"Sukari," nikasema.

"Sukari gani?"

"Ile ya punje kubwa."

"Njo ile," akasema, yaani ndiyo hiyo hasa. "Chuma yote iko na chembe ndani, Nkambo, sawa vile unga. Moto ikipita kiasi, chembe zinanenepa, na chuma yenye chembe kubwa inavunjika mbio. Kisha maji ikaikaza yote ghafla. Haikuwa tena resori. Ilikuwa kioo."

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini sipendi kuambiwa nusu. Nikamwambia akae chini na aseme vizuri, maana resori ya Hadji imebeba tani na tani za mihogo bila kuwa kioo, na majembe ya baba yaliingia katika maji hayo hayo, na tindo za wachimbaji zinaingia mpaka leo.

Akakaa. Nitaandika nilivyoelewa.

Chuma cha kawaida ni kama bukari ya unga na maji tu. Ndani yake mna makala kidogo, yaani makaa, na hayo makala ndiyo yanayokipa ugumu. Yakiwa machache mno, hata ukikitia majini kinabaki laini. Lakini watu wanaotengeneza chuma cha resori wanaongeza vitu vingine, kidogo tu, kama unavyotia chumvi. Wanatia manganizi. Wanatia kromi. Wengine wanatia kitu kinachoitwa vanadi, ambacho ni kama kuonja tu, lakini kinazuia chembe zisinenepe upesi. Chuma kikiwa chekundu, ndani yake kumepangwa kwa namna moja. Kikipoa polepole kinarudi katika mpango wake wa ulaini. Ukitaka kiwe kigumu lazima ukipoze kabla hakijawahi kurudi. Cha kawaida kinarudi mbio, kwa hiyo kinahitaji maji, na hata hivyo ugumu unaweza kubaki kwenye ngozi tu. Kromi na manganizi zinakichelewesha njiani. Ndiyo maana chuma chenye vitu hivyo kinakuwa kigumu mpaka moyoni hata ukikipoza taratibu zaidi, ndani ya mafuta. Ukikitia majini ni kama kumsukuma mtu ambaye tayari anateremka mlima kwa mbio.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "aliyetengeneza resori alishatia pilipili, na sisi tukaongeza kopo zima."

"Eyo, Nkambo. Na kisha hatukuipumzisha."

"Kupumzisha ni nini?"

"Kuirudisha ku moto mudogo, baada ya kuitia mu mafuta. Ili ugumu upungue kidogo, uvumilivu urudi."

Nikainuka, nikajifunga kitenge vizuri, tukaenda kwa mdogo wangu.

Alikuwa anakokota makala kwa reki. Alimwangalia mjukuu kuanzia viatu mpaka miwani.

"Injinia amekuja kuniona," akasema. "Nitafute kiti ama nipige magoti?"

"Nkambo, nimekuja kukusalimu."

"Umesalimu. Mi nilianza kufua chuma mbele baba yako hajajua kupangusa kamasi. Sasa ku Lubumbashi wanakufundisha nini? Wanakufundisha kama maji inalowesha?"

"Wananifundisha juu ya nini maji yako inafanya tindo muzuri na inaharibu nyundo."

Nilijua amekasirika kwa sababu aliendelea kukokota makala ambayo yalikuwa yamekwisha kusogea. Nikaingilia. Niliwaambia kwamba mimi ndiye mkubwa hapo, mashini ni yangu, na mwanamke aliyenusurika ni mkwe wangu na ni mama wa huyu. Watafanya wote wawili, au sitampa mmoja wao hata msumari. Mdogo wangu akasema, "Yaya, wewe ungefaa kuwa komanda." Nikamwambia akalete koleo.

Hadji alitupatia bapa nyingine, na pipa dogo la mafuta machafu yaliyotolewa kwenye moteri za malori. "Mama," akaniambia, akishika kiuno, "kila gari yangu ikivunjika wewe unakuja ukitabasamu. Mwishowe nitaanza kukuogopa." Nikamwambia mimi sijawahi kutabasamu, aulize watu. Akaagiza dereva wake anibebee lile pipa.

Mjukuu wangu akataka kwanza resori ilainishwe. Waliifanya nyekundu wakaizika ndani ya majivu mpaka kesho yake, ipoe pole kabisa. Matundu, akasema, yasitobolewe tena kwa kupigilia msumari chuma kikiwa cha moto, maana kingo zinachanika na mpasuko unaanzia hapo. Akatoa kwenye mkoba wake kekee ndogo, chuma cha kutobolea, rangi ya kahawia kama chai ya maziwa.

"Hii inaingia mu resori?" mdogo wangu akauliza.

"Itaingia. Hii iko na kobalti ndani. Hata ikipata moto sana juu ya kuzunguka, haipoteze ugumu."

Mdogo wangu akaichukua, akaigeuza, akaitazama na jicho moja kama anapima uzi wa sindano.

"Kobalti yetu?"

"Sijui kama ni ya hapa. Inaweza kuwa."

"Tunaitoa hapa mu udongo, inaenda bule, inarudia na bei," akasema. Lakini hakuirudisha haraka. Alitoboa matundu yote yeye mwenyewe, akitia mafuta kidogokidogo, na kila mchirizi wa chuma ulipotoka umejikunja kama nywele za mtoto alikuwa anauokota na kuuweka kando. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilimsikia anapiga mluzi.

Kisha ikafika siku ya kuzitia mafutani. Asubuhi hiyo, kabla mjukuu hajafika, nilimwona mdogo wangu anachota kikombe cha maji ya baba na kukimimina ndani ya pipa la mafuta. Sikumzuia. Kwa nini nimzuie? Ilionekana ni heshima. Maji yale yanajua moto, mafuta ya Hadji hayajui. Tuliona yatafundishana.

Nyundo ya kwanza ilitoka motoni na wekundu mzuri, usiozidi. Mjukuu alikuwa amesimama karibu, sumaku yake mkononi, akiangalia. Chuma hicho kikifika wekundu unaotakiwa, sumaku haikishiki tena, na hapo unaongeza kidogo tu. Mdogo wangu akaizamisha ndani ya mafuta mpaka chini, alivyozoea. Pipa likanguruma. Mafuta yakapanda juu kama maziwa yanayochemka, yakashika moto, na ule moto ukagusa mabati ya paa. Mjukuu wangu alivuta bati lililokuwa limeegemezwa ukutani, akalisukuma juu ya pipa kwa mguu. Moto ukakosa hewa, ukafa. Moshi mweusi ulitujaa wote machoni. Mdogo wangu alikuwa amebaki na koleo mkononi na upande mmoja hana nyusi.

"Nani ametia maji mu mafuta?" mjukuu akauliza.

Pipa la maji lilikuwa hapo kando na kikombe kikiwa juu ya ukingo, bado kina matone.

Akatueleza baadaye, kwa sauti ya chini: maji ni mazito kuliko mafuta, yanakwenda kukaa chini. Chuma chekundu kikiyafikia, yanageuka mvuke kwa mara moja na kurusha mafuta yote juu. Mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya gogo, anajipapasa mahali palipokuwa na nyusi.

"Basi niyamwage?" akauliza.

Hakuwa anauliza habari ya mafuta. Alikuwa anaangalia pipa la baba. Mimi pia nililiangalia, maana nilikuwepo alipojaza kile kidumu. Nilifikiri: mashini ya unga na maji ya baba, leo kimoja kinaondoka.

Mjukuu wangu alipiga magoti mbele yake, kweli alipiga magoti, ndani ya masizi.

"Nkambo, apana. Usiyamwage. Tindo zako zinafanywa namna gani? Nionyeshe."

Akaonyesha, akiwa bado na hasira na aibu. Unachukua tindo nyekundu, unachovya ncha tu katika maji, unaitoa, unaisugua na tofali ili ing'ae. Joto lililobaki nyuma linatembea kuja nchani, na unaona rangi zinakuja nalo: kwanza njano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Ikifika rangi unayotaka, unaizamisha yote na kuisimamisha hapo.

"Njo kupumzisha yenyewe," akasema mjukuu. "Unaijua toka zamani. Ku chuo tuko na mashini ya kupima moto. Hapa hatuna. Iko macho yako tu."

"Mi naona rangi tu."

"Rangi njo kipimo."

Mdogo wangu akafikiri. Akaokota nyundo moja ambayo haijaguswa, akaiweka mbele yake, upande wa tundu na upande wa ncha.

"Nyundo ya Yaya inataka ncha kali na tundu laini."

"Eyo."

"Basi ni kama tindo. Moto uanzie ku tundu, utembee kwenda ku ncha, na tuusimamishe mbele haujaharibu ncha."

Mjukuu wangu akacheka na kujifunika mdomo. "Nkambo, hiyo sikuifikiria."

"Ku Lubumbashi hawakukufundisha?"

"Hawakunifundisha."

"Uwaambie."

Walipata mafuta mengine kwa Hadji, yasiyo na maji ndani. Walizamisha nyundo moja moja, taratibu, pipa likitoa moshi tu. Kisha wakamimina mchanga ndani ya sufuria kuukuu, wakauweka juu ya makala mpaka ukawa moto, wakazisimamisha nyundo humo, tundu likiwa ndani ya mchanga, ncha ikiwa nje na imesuguliwa ikang'aa. Mdogo wangu alichutama hapo, hakumruhusu mtu kumsemesha. Tundu likapita buluu, likawa kijivu. Rangi zikapanda. Ncha ilipofika kahawia ya asali alikuwa anaivuta nje na kuilaza juu ya bati ipoe. Aliyoikosea aliirudisha motoni kuanza upya, na mjukuu hakubishana naye hata mara moja.

Wakati wanangoja, mjukuu aliona kitu nyuma ya karakana, bamba nene lenye mawimbi, limetupwa kwenye nyasi.

"Na ile?"

"Ile ni chuma ya bulozi," mdogo wangu akajibu, akimaanisha uchawi. "Ilitoka ku mashini ya kusaga mawe. Sumaku haiishike. Ukiitia mu maji inakuwa laini, ukiiacha ipoe yenyewe inavunjika. Kila kitu inafanya kinyume. Nikaitupa."

Nilifikiri mjukuu atacheka. Alikwenda kulivuta kwa mikono miwili. "Hii haina manganizi ya chumvi, Nkambo. Hii wametia manganizi kama ni mboga. Inapanga mambo yake tofauti kabisa. Yenyewe njo inataka maji, maji baridi, mbio. Na kadiri unaipiga, njo inazidi kuwa ngumu pale unapoipiga."

"Basi tuitie mu mashini ya Yaya."

"Mahindi haina nguvu ya kuipiga sawasawa. Ingelika. Hii inataka mawe, ama nyundo yako."

Walikata kipande chake kwa shida kubwa, wakakifanya rangi ya chungwa inayokaribia njano, na mdogo wangu akakizamisha ndani ya maji ya baba. Maji yalilia kama ninavyoyakumbuka toka utotoni. Kipande kile kimefungwa juu ya fuawe lake mpaka leo. Tangu siku hiyo hakuuliza tena habari ya kumwaga.

Kabla hatujafunga nyundo, mjukuu alisema moja lazima ife. Akaibana kwenye jiriwa, mdogo wangu akaipiga na nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Ikapinda kidogo, ikarudi. Akapiga tena. Ilichukua jasho lake lote mpaka ikakatika, na nilipopewa kipande, mahali palipokatika niliona kijivu kisicho na mng'ao, laini machoni, kama unga uliochekechwa na mtu mwenye bidii. Sikuhitaji kuelezwa. Nilirudi nacho mpaka mbele ya nyumba nikamwekea mkwe wangu juu ya nyanya zake, pamoja na kile kipande cha zamani chenye sukari. Aliangalia kimoja, akaangalia kingine. Akarudi kupanga nyanya.

Siku ya kuwasha, wanawake walikuja na mabeseni, lakini walisimama mbali, nyuma ya nyumba ya jirani, vichwa tu vinaonekana. Mwanangu alikuwa ameziba tundu la bati na bamba nene. Yule mtu wa vyuma chakavu alikuwepo pia, ameegemea gari lake. Sijui nani alimwambia. Mjukuu wangu alitaka kusimama yeye kwenye mashini. Nikamwambia, "Wewe umeshasoma, mimi nimeshaishi, sogea." Mdogo wangu alisimama karibu yangu bila kuulizwa, nusu uso wake hauna nyusi.

Moteri ikashika. Nilisikia nyundo zinanyooka, ule mvumo unaopanda kidogokidogo. Niliacha izunguke bila mahindi. Kisha nikamimina.

Magoti yangu ni mabaya na mkono wangu mzito. Nilimimina kama mtu anayelisha kuku. Mashini ikaanza kukoroma. Nikapunguza, ikawa tupu, ikapiga kelele. Nikaongeza, ikakoroma tena. Nilikuwa nasikia kwamba nakosea lakini mikono haikufuata masikio. Mdogo wangu akapiga kelele jambo ambalo sikulisikia.

Kisha mtu alinishika bega. Si kwa upole.

"Mama! Unaisonga. Utaua moteri!"

Alikuwa mkwe wangu. Alininyang'anya debe, akanisogeza kwa kiuno chake kama mtu anayesogeza mbuzi mlangoni, akaweka kiganja chake kwenye mdomo wa mashini na kuacha punje zipite kati ya vidole. Mkoromo ukakata. Sauti ikawa ile ninayoijua. Nilitazama usawa wa kiuno chake, pale kwenye bamba jipya, na yeye alikuwa amesimama hapo hapo, mahali pake, anatazama punje tu.

Unga ukaanza kutoka. Mjukuu wangu alikinga kidogo, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akampa mdogo wangu, naye akausugua, wote wawili wamekunja uso kama mahakimu.

"Mama," mkwe wangu akapaza sauti bila kugeuka, "kitambaa changu kiko wapi? Unga inaniingia mu nywele."

Kilikuwa bado juu ya mizani. Nikakikung'uta, nikamfunga mwenyewe kwa nyuma, huku wanawake wameanza kusogea na mabeseni yao na kugombania nani alikuwa wa kwanza. Yule wa gunia alidai yeye, kwa sababu, alisema, ana madai tangu siku ya chuma. Nikawaambia wapange mstari au nazima moteri.

Yule mtu wa gari alingoja kidogo, kisha na yeye akashusha debe la mahindi garini, akasimama nyuma kabisa.